Dar hadi Morogoro kwa skeitibodi: shajara ya mradi

Mei, masika yakielekea ukingoni

Ubao umepatikana. Nimeununua kwa kijana wa Masaki aliyekuwa anahama nchi. Ni mrefu, umebonyea kidogo katikati, na msasa wa juu bado unakamata kiatu vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye magurudumu: milimita 54, magumu, ya kuchezea kwenye sakafu ya saruji. Barabara ya Morogoro haina usakafu huo. Gurudumu dogo na gumu likikuta punje moja ya kokoto linagoma papo hapo, na aliye juu ya ubao anarushwa mbele. Nimeagiza manne ya milimita 80, ya ugumu wa 78A, ambao ni ulaini wa kutosha kuimeza kokoto na kuendelea.

Kwa anayeanza kufuatilia leo, mradi wenyewe ni huu. Kiangazi hiki nataka kutoka Kivukoni hadi Msamvu, Morogoro, kilomita zipatazo 190, nikiwa juu ya ubao na kusukuma kwa mguu, ili niwaeleze watu wa njiani habari za ugonjwa wa Lowe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anao. Ana miaka saba. Anaishi Tandika na wazazi wake na bibi yake mzaa baba, anavaa miwani mizito iliyofungwa kwa mpira kisogoni, na akisikia gurudumu likizunguka karibu na sikio lake anacheka mpaka pumzi inamkatika.

Madaktari waliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1952 huko Boston, Marekani. Mmoja wao aliitwa Charles Lowe, na jina likabaki lake. Unashika sehemu tatu kwa pamoja: macho, ubongo na figo. Mtoto huzaliwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi, pande zote mbili. Mwili wake huwa mlegevu, anachelewa kukaza shingo, kukaa na kutembea, na kujifunza kwake ni kwa taabu. Figo nazo zinapoteza vitu ambavyo mwili unavihitaji. Karibu wote wanaougua ni wavulana. Kiwango kinachotajwa ni mtu mmoja hivi kati ya watu 500,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Kiwango hicho kikishika na huku kwetu, ni watu mia moja na kitu nchi nzima. Dada yangu hajawahi kukutana na mama mwingine hata mmoja mwenye mtoto kama wake.

Nimeshaulizwa kijiweni kwa nini nijichoshe kwa ugonjwa wa watu mia, na malaria ipo. Mama wa mtoto huyo mmoja kati ya laki tano hasumbuki sehemu ya laki tano, anasumbuka mzima.

Wazo la ubao limetoka mbali. Jack Smith, Mmarekani aliyeivuka nchi yake kwa skeitibodi tangu mwaka 1976, aliivuka tena mwaka 2003 akiwa na wenzake, kutoka Oregon hadi Virginia, na safari hiyo ilikuwa kwa ajili ya Lowe, kwa sababu mwanawe alikuwa nao. Nilisoma habari hiyo usiku, mpwa wangu akiwa wodini, na mimi niko kwenye ubao tangu nasoma sekondari. Nilihisi nimeitwa. Baadaye nikasoma habari za Rob Thomson wa New Zealand, aliyetoka Uswisi hadi Shanghai kati ya 2007 na 2008 na kuandikiwa kilomita 12,159 za skeitibodi, mzigo wake ukiwa mgongoni. Basi kilomita 190 zinaendeka.

Juni, wiki za mwanzo

Gerezani, kwenye maduka ya spea. Beringi za ubao ni namba 608: tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Namba hiyohiyo inatumika kwenye mashine ndogo nyingi za umeme, kwa hiyo Kariakoo haikosekani. Muuzaji aliniwekea mezani za bei tofauti, nikawa nazungusha moja moja karibu na sikio. Nzuri haisikiki. Kila gurudumu linachukua mbili, ubao mzima nane, na nimechukua nyingine nane za akiba, maana adui wa beringi katika mji huu ni mchanga, na baada ya mchanga ni unyevu wa chumvi. Naziosha kwa petroli, naziacha zikauke, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani.

Viatu ndivyo vimenipa kazi zaidi. Ubao hauna breki. Unapunguza mwendo kwa kuburuza soli ya mguu mmoja chini, na soli ya raba ya kawaida inaisha mapema mno. Fundi viatu wa Temeke Mwisho alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kipande cha tairi la gari, lile la kutengenezea katambuga. Amekishona chini ya raba zote mbili kwa uzi wa nailoni, kisha akagandisha kwa gundi. Vimekuwa vizito, lakini breki ipo.

Mazoezi ni Barabara ya Barack Obama, Jumapili alfajiri, kabla magari hayajajaa. Ninachojifunza ni kusukuma kwa miguu yote miwili kwa zamu. Anayesukuma kwa mguu mmoja tu huchosha nyonga na goti la mguu uliobaki juu ya ubao, kwa sababu ndio unaopinda na kubeba mwili kila mara. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa mzito kuelewa, sasa unaelewa. Watoto wanaofika ufukweni mapema wananikimbiza. Nawaachia wajaribu, mmoja mmoja, nimewashika mkono.

Juni, siku ya kipeperushi

Hapa nitaandika kwa urefu, kwa kuwa siku hii imeubadilisha mradi.

Kipeperushi cha kwanza nilikiandika na dada. Kilikuwa na maelezo ya jeni: kwamba jeni inayohusika inaitwa OCRL, kwamba ilitambuliwa mwaka 1992, kwamba iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na moja ikiwa na hitilafu, ile nyingine inasaidia. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, kwa hiyo hitilafu ikiwemo hana pa kukimbilia. Mama mwenye X hiyo, kwa kila mimba ya mtoto wa kiume, uwezekano wa mtoto kuumwa ni nusu. Kwa kila mimba ya mtoto wa kike, uwezekano wa binti kuibeba ni nusu pia. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe ni mzima kwa sababu hiyohiyo: kama mama yetu anayo, basi mimi niliangukia X yake nyingine.

Tulikwenda kumsomea mama mkwe wa dada, kwa sababu kipeperushi kinataja familia na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kahawa. Alisikiliza hadi mwisho, miwani mkononi. Kisha akasema:

"Kwa hiyo, mwanangu, mmekuja kuniambia kwamba ni damu ya kwenu."

Dada aliinamisha kichwa. Mama huyu si mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Usiku ambao mtoto alikuwa akitapika na kukauka midomo, yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari. Lakini tangu mtoto azaliwe, mtaani yamesemwa mengi: kwamba mama yake alitoka usiku akiwa na mimba, kwamba kuna mtu amefanyiwa jambo, kwamba kuna deni la mizimu upande wa kikeni. Na sasa mimi, mjomba mtu, nimekuja na karatasi iliyopigwa chapa inayosema limetoka kwa mama. Mwenye nia mbaya angeichukua karatasi hiyo na kumpigia nayo dada yangu.

Nikamjibu: "Mama, ni kweli limepitia kwetu. Lakini hakuna aliyelichagua, na hakuna aliyelijua."

Nikamweleza na jambo ambalo daktari alituambia: karibu theluthi moja ya watoto wa Lowe, hitilafu imeanza kwao wenyewe, mama zao hawana. Kwa dada siyo hivyo. Mwanamke aliyebeba jeni hii mara nyingi huwa na vidoadoa kwenye lenzi ya jicho, havimzuii kuona, ila daktari wa macho akitazama kwa darubini yake anaviona. Vya dada vilionekana. Miaka yake yote alikuwa navyo, anasoma, anashona, anatunga sindano usiku, na hakujua.

Mama mkwe alinyamaza kitambo. Akamwita dada akae karibu naye, akamwambia amtazame, akayaangalia macho yake kwa muda mrefu kama anayetafuta hivyo vidoadoa. Kisha akaniambia: "Andika hivi. Ugonjwa huu haukuletwa na mtu. Liwe la kwanza, herufi kubwa. Ndiyo uyaweke hayo mengine."

Limewekwa la kwanza, herufi kubwa. Lakini habari ya upande wa mama haikufutwa, na hapo dada ndiye aliyesimama imara kuliko mimi. Mimi nilitaka iondoke kabisa ili asiumizwe. Yeye akasema, "Kaka, ukiiondoa, mdogo wetu atajuaje?" Tuna mdogo wetu wa kike, ameposwa. Mama wadogo wana mabinti. Kuficha kungemlinda mmoja na kuwaacha gizani wengine wanaostahili kujua kabla hawajazaa. Kipeperushi sasa kinasema kwamba ugonjwa haukuletwa na mtu, kwamba unaweza kupita kwa wanawake ambao wao wenyewe ni wazima, na kwamba dada, mama wadogo na mabinti wa mama mwenye mtoto anayeumwa wana haki ya kupimwa na kushauriwa bila kulaumiwa.

Mdogo wetu alikwenda kupimwa kwa hiari yake, na mchumba wake akamsindikiza. Majibu ni yake. Hayataandikwa humu.

Julai, mwanzoni

Daktari wa watoto aliyemhudumia mpwa wangu amekisoma kipeperushi. Alikuwa mpole na alikuwa mkali. Alisema mtu aliyesimamishwa barabarani na mwanamume mwenye ubao atasoma sentensi mbili, na kama sentensi hizo mbili ni za kromosomu, ataondoka bila kitu cha kufanya. Akaniuliza: unataka afanye nini akifika nyumbani?

Tulikaa na swali hilo siku kadhaa. Jibu tulilonalo sasa ndilo mradi wenyewe: amtazame mtoto mchanga machoni. Mboni ya jicho inatakiwa iwe nyeusi. Ikiwa nyeupe au ya kijivu, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi jicho moja linang'aa jeupe, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho sasa hivi, asisubiri afikishe mwaka, jicho lisitiwe dawa ya majani, lisitiwe maziwa ya mama.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika wiki na miezi ya mwanzo. Mtoto wa jicho mzito wa kuzaliwa nao inafaa aondolewe mapema sana, kwa kawaida kabla ya miezi miwili kutimia au hapo karibu. Ukichelewa, hata ukungu ukiondolewa, ubongo haujui kulitumia jicho. Ya pili, weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikiwahiwa hutibika na ikiachwa huua. Wengi mno wa watoto wenye mboni nyeupe hawatakuwa na Lowe. Ni sawa. Ugonjwa wa mpwa wangu ndio ulionifundisha kutazama mboni, na watakaonufaika wawe wowote.

Kisha inafuata sentensi ya pili, na hii ndiyo ya akina Lowe: kama mtoto mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili ana mwili mlegevu na hakui, mama aulize kama mkojo wake umepimwa. Mpwa wangu alifanyiwa upasuaji wa macho akiwa mdogo, tukashangilia, tukadhani yameisha. Huku figo zinaendelea kumkausha. Ilichukua daktari mmoja makini kuuliza habari za mkojo, na baadaye sampuli ya damu ikapelekwa nje ya nchi kuthibitisha jeni.

Namna ninavyoieleza habari ya figo kwa watu wa kawaida ni hii. Mama anapopepeta mchele kwenye ungo, pumba zinaruka na mchele unabaki. Figo za mtoto wa Lowe zinarusha na mchele. Fosfeti inayojenga mifupa inatoka, bikaboneti inayozuia asidi inatoka, protini ndogondogo zinatoka. Damu inakuwa na asidi, mifupa inalainika, miguu inapinda matege. Matibabu ni kurudishia kinachomwagika: dawa ya bikaboneti au sitreti, fosfeti, vitamini D, kila siku, kwa vipimo vya damu. (Mtu mmoja aliniuliza kama magadi ya jikoni yanatosha. Hayatoshi na ni hatari kujipimia. Kipimo ni cha daktari.) Dawa haziondoi ugonjwa. Figo huendelea kuchoka kadiri miaka inavyokwenda, na dada analijua hilo, na anampa dozi yake ya asubuhi kwa wakati uleule kila siku ya Mungu.

Julai, matayarisho ya mwisho

Kwa upande wa barabara, tumezungumza na askari wa usalama barabarani na kupewa masharti: nisitembee usiku, nibaki pembeni, nisiingie kamwe njia ya mwendokasi, gari la nyuma liwe limewasha taa muda wote. Gari la nyuma ni bajaji ya jirani yetu wa Tandika, ambaye ameahirisha kazi yake kwa ajili ya mtoto huyu. Tumeifunga kitambaa cheupe chenye duara jeusi na jeupe. Nimevaa helmeti, reflekta, kinga za magoti na viwiko. Maji, glukosi, vipeperushi, spana, beringi.

Upepo ni wa kusi, unatoka kusini mashariki. Sisi tunaelekea magharibi, kwa hiyo utatupiga bega la kushoto kwa nyuma. Heri ya huo kuliko wa usoni.

Julai, Kivukoni hadi Kibaha

Tumeondoka baada ya swala ya alfajiri. Jangwani kulikuwa na baridi ya bondeni, Magomeni tayari wauza chai wako kazini. Manzese watu walisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu wakipiga mluzi. Ubungo, pale Daraja la Kijazi, nilishuka na kubeba ubao, kwa sababu magari yanakuja pande nyingi mno.

Kutoka Kimara barabara ni pana na lami yake ni laini, lakini inapanda. Mlima wenyewe mtu wa gari hauoni kabisa. Juu ya ubao unausikia kwenye paja. Mbezi Louis, nje ya stendi ya Magufuli, tulisimama kugawa vipeperushi na hapo ndipo nilipoona maana ya ushauri wa daktari. Mpiga debe mmoja alikisoma kwa sauti, "Mtazame mtoto machoni," akawageukia wenzake akawaambia wote wapige picha za wanao jioni hiyo. Hakunihitaji tena. Alikuwa anakieleza yeye, kwa maneno yake, kwa sauti ya kuita abiria wa Mbeya.

Kibaha, Maili Moja, kabla jua halijatua. Miguu inatetemeka.

Julai, Mlandizi, Ruvu, Vigwaza

Mlandizi alitufuata bibi mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma. Alisubiri watu wapungue. Akasema mjukuu wake ana miezi mitatu, na jicho la kulia "lina wingu," na wamekuwa wakilitia maji ya mmea kwa sababu jirani alisema litakatika lenyewe. Nilimwambia, "Mama, hebu tusilitie kitu kingine. Leo ni leo." Dereva wangu wa bajaji alimpigia simu binti wa bibi huyo, tukazungumza naye, tukampa jina la kliniki ya macho na nauli ya kwenda Dar kesho yake. Nimeandika namba yao. Sikuweza kulala vizuri.

Baada ya Daraja la Ruvu lami imechakaa pembeni, kokoto zimejitokeza, na ubao ulikuwa ukinitikisa meno. Hapo magurudumu ya milimita 80 yalilipa gharama yake.

Vigwaza kwenye mizani tulikuta foleni ya malori. Madereva wamekaa kivulini, hawana pa kwenda mpaka zamu yao ifike. Sikupanga kituo hapo. Tulikaa saa nyingi. Walikuwa wanakwenda Tunduma, Zambia, Lubumbashi, na kila mmoja alichukua vipeperushi, wengine wakachukua fungu zima wakaweka juu ya dashibodi. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliniuliza maswali ya jeni ambayo hakuna aliyeniuliza njia nzima, na mwisho akasema dada yake wa tumbo moja aliachwa na mume kwa kuzaa watoto wawili wenye ulemavu. Alisoma mstari wa kwanza wa karatasi mara mbili: UGONJWA HUU HAUKULETWA NA MTU. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Chalinze tulilala.

Julai, Chalinze hadi Morogoro

Ya leo ni fupi. Vilima vya kupanda na kushuka. Kabla ya Bwawani bushi moja ya ekseli, ile raba ndogo ya chini ya ubao, ilipasuka, ubao ukawa unayumba kwenye mteremko. Fundi wa bodaboda kijijini alikata raba kutoka kwenye tairi kuukuu, akaitoboa, akaifunga mahali pa bushi, na imenifikisha. Hakutaka hela. Aliomba kipeperushi cha kubandika gerejini.

Mikese, milima ya Uluguru ikawa imesimama mbele. Msamvu, dada alikuwa ameshafika kwa basi na mtoto. Nilimketisha kwenye ubao, miguu mbele, nikashika mabega yake, na tukaingia stendi pamoja. Alipiga kelele za furaha hadi watu wakatupisha. Tulizungumza na akina mama waliokuwa wakisubiri mabasi, dada ndiye aliyezungumza, mimi nilishika kipaza sauti. Ni mara yake ya kwanza kusema mbele za watu maneno "mwanangu ana ugonjwa wa Lowe."

Agosti

Simu zimekuja kutoka Kibaha, Chalinze, na moja Tunduma, ya mke wa dereva wa lori. Nyingi ni za macho mekundu tu au makengeza, na kila mmoja ameelekezwa kituo cha afya kilicho karibu. Hatutoi ushauri wa tiba kwenye simu. Tunaelekeza, basi.

Mjukuu wa bibi wa Mlandizi amefanyiwa upasuaji. Ni mtoto wa jicho, jicho moja, si Lowe, si saratani. Amepewa miwani, na jicho lisilo na ugonjwa litazibwa saa kadhaa kila siku ili jicho lililofanyiwa upasuaji lilazimike kufanya kazi. Mama yake analalamika kwamba mtoto anavua plasta. Dada amempa mbinu: amvalishe soksi mikononi.

Yaliyobaki sasa. Kipeperushi kinachapishwa upya, picha ya mboni nyeupe ikiwa kubwa zaidi na maandishi machache zaidi, kwa sababu bibi yule alitambua kwa picha, hakusoma. Tumeomba ruhusa ya kukibandika kwenye kliniki za watoto za Temeke, pale ambapo mama hukaa kwenye benchi na kadi mkononi akingoja mtoto apimwe uzito. Ofisi zote mbili tulizoziandikia zimesema tulete nakala ipitiwe na wataalamu wao, na imeshapelekwa.

Safari ya pili ni Morogoro hadi Dodoma, baada ya vuli. Dereva wa bajaji amekubali tena. Bushi halisi zimeagizwa, jozi mbili, ingawa ile raba ya Bwawani bado imo na haijalegea. Anayeweza kutupatia mahali pa kulala Dumila au Gairo, atuandikie.